Tuache Kuogopa Filamu za Kwetu

Nabii Nathani alipotumwa kwa Mfalme Daudi hakwenda na karipio, alikwenda na hadithi. Alimsimulia mfalme habari za tajiri mwenye makundi ya kondoo na ng'ombe, na maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu, amemlea nyumbani pamoja na watoto wake. Tajiri akapata mgeni, akaona uchungu kuchinja wa kwake, akamchukua yule mmoja wa maskini. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu papo hapo. Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Sura hiyo ya 2 Samweli 12 tumeihubiri mara nyingi. Jambo moja huwa hatulisemi: Nathani angeanza na karipio, pengine asingetoka mle ndani salama. Mfalme alikuwa amekwisha kujitetea moyoni mwake. Hadithi ilipita pale ambapo karipio lisingepita.

Tunaandika haya kwa ndugu washarika, na hasa kwa sisi wachungaji na wazee wa kanisa, kwa sababu tumekuwa tukimfungia Nathani mlango. Miaka mingi tumezifungia kumbi zetu filamu zinazotengenezwa na Waafrika wenzetu, huku tukizifungulia za watu wa mbali bila swali. Tunasema hilo ni kosa, na limetugharimu. Tuanze na gharama yenyewe.

Katika usharika mmoja wa mjini tulioutumikia, vijana wa kipaimara na wa kwaya walituletea ombi. Walitaka kuonyesha filamu iitwayo Neria, Jumapili mchana, baada ya ibada ya pili. Filamu hiyo ilitengenezwa Zimbabwe na mwongozaji Godwin Mawuru, ikatoka mwaka 1993. Hadithi yake iliandikwa na Tsitsi Dangarembga, mwandishi mashuhuri wa nchi hiyohiyo. Inamhusu mwanamke aliyejenga maisha mjini pamoja na mumewe. Mume anafariki ghafla barabarani, na kabla machozi hayajakauka shemeji yake anaanza kuchukua: gari, kitabu cha benki, vyombo vya ndani, nyumba, mwishowe hata watoto. Yote anayachukua kwa jina la mila.

Baraza la wazee lilikaa, likajibu kwamba nyumba ya Mungu si ukumbi wa sinema. Sisi wachungaji tulikuwa kwenye kikao kile. Tulitikisa kichwa kukubali, tukafunga kwa sala.

Wakati huohuo, katika usharika uleule, alikuwapo mama mmoja ambaye mumewe alikuwa na kibanda cha mitumba pale Karume, Mchikichini. Mume alifariki. Tulimzika vizuri: kwaya iliimba, Idara ya Wanawake ilipika, tukasoma wasifu. Siku ya kumaliza matanga tulikuwapo pia, tukala pilau. Mle ndani, kabla sahani hazijaondolewa, ndugu wa marehemu walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba funguo za kibanda ziende kwa mdogo wake, kwa kuwa mwanamke hawezi kuhangaika na marobota alfajiri. Wawili kati ya waliokubaliana ni washarika wetu. Mama yule alituangalia. Nasi tuliomba baraka juu ya familia, tukaaga.

Mama huyo tulimhubiria uvumilivu. Tulimpa bahasha ya sadaka ya faraja. Shemeji hatukumhubiria chochote, maana tulijiambia kwamba mambo ya ukoo yana wenyewe. Mwezi Januari 2022 soko la Karume liliungua usiku, na kibanda kile kikateketea kikiwa bado mikononi mwa shemeji. Tulipoanza kuona aibu na kutaka kusema neno, hapakuwa tena na kitu cha kurudisha. Mama alihamia pembezoni mwa jiji kwa dada yake. Hasali tena kwetu, na hatuwezi kumlaumu.

Kuna atakayesema: filamu ingesaidia nini? Hatudai kwamba ingemrudishia kibanda. Tunachosema ni kwamba vijana wetu walikuwa wameona kitu ambacho sisi wenye joho hatukutaka kukiona. Walikuja na hadithi ya mwana-kondoo, tukawaambia mlango umefungwa.

Na lile halikuwa jambo la ukoo mmoja. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali yetu mwaka 1963 zinamweka mjane nje ya urithi wa mumewe ikiwa marehemu ana ndugu wa ukoo wake. Matunzo ya mjane yanatazamiwa kutoka kwa watoto wake. Miaka zaidi ya sitini sasa tunazika waume chini ya kivuli cha kanuni hizo. Neno la Mungu linatuambia dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na Bwana wetu aliwaonya walimu wa dini wanaozila nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Tulikuwa tumesali sala ndefu.

Sasa tuzitazame hoja tunazozitumia kuzikataa filamu hizi, moja baada ya nyingine, tuone kama zina miguu.

Hoja ya kwanza ni hiyohiyo: kanisa si ukumbi wa sinema. Wapendwa, tuwe wakweli. Ni usharika gani wetu ambao haujawahi kufunga shuka jeupe ukutani wiki ya Pasaka na kuonyesha Filamu ya Yesu? Filamu hiyo ilitoka mwaka 1979, ikatiwa sauti ya Kiswahili, ikazungushwa kwa magari na jenereta mijini na vijijini. Watu wengi waliguswa nayo, na hatuidharau. Lakini aliyeigiza kama Bwana Yesu ni Brian Deacon, mwigizaji wa Uingereza, na sura yake ndiyo watoto wetu wanayoiona wanapofumba macho kusali. Hakuna baraza la wazee lililokaa kujadili kama ile ni sinema. Kama shuka jeupe halitii unajisi ukumbi linapoonyesha kazi ya wageni, linatiaje unajisi linapoonyesha kazi ya Mwafrika? Inaonekana hatuna shida na sinema. Shida yetu ni anayeishika kamera.

Na jambo hili lina historia, tena ya kikanisa. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, palifanyika jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Aliyelisimamia jaribio hilo alikuwa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu fupi zipatazo 35, kuhusu kilimo, afya, posta, kodi na mengineyo, zikaonyeshwa Tanganyika na nchi jirani. Kwa hiyo kanisa halikuwa geni kwenye filamu nchini mwetu. Lilikuwapo tangu zamani. Lakini katika jaribio lile Mwafrika alisimama mbele ya kamera na kukaa mbele ya shuka. Kuamua kinachosimuliwa haikuwa kazi yake. Alikuwa mwanafunzi wa hadithi yake mwenyewe iliyosimuliwa na mwingine. Tukizikataa leo filamu za wana wetu, tunaendeleza utaratibu wa Vugiri bila kulipwa na mtu.

Hoja ya pili ni ya picha: kwamba sisi ni kanisa la Neno, na picha ni za kupotosha. Hapa tunamsingizia Martin Luther mwenyewe. Mwezi Machi 1522 alitoka mafichoni Wartburg akarudi Wittenberg, na sababu mojawapo ni kwamba watu walikuwa wameanza kuvunja picha makanisani. Alipanda mimbarani siku nane mfululizo akawatuliza. Aliwafundisha kwamba kuiabudu picha ni kosa, lakini kuwa nayo ni jambo la uhuru, na kwamba vurugu haibadilishi moyo. Mwaka mmoja kabla yake, rafiki yake Lucas Cranach alichora kitabu kizima cha picha kuonyesha tofauti ya Kristo na fahari ya Papa, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Matengenezo ya Kanisa yalitembea kwa picha zilizochapwa kama yalivyotembea kwa maandishi.

Luther huyohuyo, alipoulizwa kuhusu tafsiri yake ya Biblia, alijibu kwamba ukitaka kujua lugha ya kutafsiria, nenda ukamsikilize mama nyumbani, watoto barabarani, na mtu wa kawaida sokoni. Kwetu sisi sokoni si mbali. Ukitoka Mchikichini ukaenda Kariakoo, utapita vibanda umiza ambamo watu wamebanana kwenye mabenchi wakitazama. Hapo ndipo mtaa unapojifunza ndoa ni nini, fedha ni nini, mchungaji ni mtu wa namna gani, shetani anakaa wapi. Wengi wa umri wetu tulikaa kwenye mabenchi hayo. Tulimsikia Lufufu akizitia filamu za Wachina na Wahindi Kiswahili cha uswahilini, mpaka tukadhani Bruce Lee alizaliwa Manzese. Lufufu alijua alichokijua Luther. Sisi tuliosoma chuo cha theolojia tukarudi na Kijerumani kidogo na Kiyunani kidogo ndio tuliosahau.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi: filamu zetu hazina maadili na hazina ubora. Hapa tusijidanganye. Ziko filamu za Bongo zilizopigwa kwa siku chache kwenye nyumba moja ya kuazima, zikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili. Ziko zinazomwonyesha kila mwanamke maskini kuwa mchawi na kila tajiri kuwa wa agano na kuzimu. Ziko zilizojaa matusi na nguo zisizo na sababu. Hatumwombi mtu azitazame hizo kwa kuwa tu mtengenezaji ni mweusi. Rangi ya mtu haimfanyi kuwa nabii, kama ambavyo joho halimfanyi mtu kuwa mtakatifu.

Lakini je, vitabu vibaya vimetufanya tufunge duka la vitabu la kanisa? Kwaya zinazoimba kwa sauti ya kukwaruza zimetufanya tupige marufuku uimbaji? Kazi ya mchungaji na mzee wa kanisa ni kupambanua. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Sisi tumechukua nusu ya kazi: hatujaribu, tunatupa tu. Na kwa kuwa hatutazami, vijana wanatazama peke yao, yote, mema na mabaya, bila mtu mzima wa kuzungumza naye.

Alipofariki Steven Kanumba, Aprili 2012, jiji hili lilisimama. Umati uliofurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, haujasahaulika, na wengi wao walikuwa vijana wanaolia kama waliofiwa na kaka wa tumbo moja. Alikuwa na miaka 28. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Pasaka, na vijana wale walikuja ibadani macho yamevimba. Wengi wetu mimbarani tulipita juu ya msiba ule kana kwamba haukuwapo. Wengine tuliutaja kuwaonya kuhusu maisha ya starehe. Kijana alikuja na jeraha, nasi tukampa onyo.

Baada ya hoja, tutaje filamu zenyewe, maana mchungaji anayesema watu wale lakini hasemi wale nini hajalisha kondoo. Neria tumekwisha kuitaja. Itazamwe kabla ya msiba, si baada yake. Itazamwe na wanaume. Mwishoni Neria anakwenda mahakamani na anapata haki yake, na filamu haimdhihaki mtu wa mila. Inamwonyesha mama mkwe ambaye polepole anaelewa kwamba mila ya kweli ilikuwa kumlinda mjane. Mkiimaliza, someni Ruthu.

Ya pili ni Guelwaar, ya mwaka 1992, kazi ya Sembène Ousmane wa Senegali, mzee ambaye wengi wanamwita baba wa sinema ya Afrika. Mkatoliki mmoja, kiongozi wa watu wake, anafariki, na maiti yake inazikwa kimakosa katika makaburi ya Waislamu. Familia inataka mwili wake. Upande wa pili hautaki kaburi lifukuliwe. Karibu damu imwagike. Tunaoishi mahali ambapo adhana na kengele husikika kwenye uchochoro mmoja hatuhitaji kuelezwa kwa nini filamu hii ni yetu. Lakini Sembène hakuishia hapo. Marehemu alikuwa akipinga taifa kuishi kwa chakula cha msaada, akisema mkono unaonyoshwa kila siku unapoteza heshima yake. Mwishoni vijana wanaikanyaga ile mifuko ya msaada, na unga unatapakaa barabarani. Tukio hilo linaumiza kulitazama. Mtu mwenye njaa atauliza, kwa nini kumwaga chakula? Ulizeni swali hilo kwenye baraza la wazee ambalo bado linasubiri sharika rafiki za Ulaya ziezeke paa la zahanati.

Ya tatu ni Tusamehe, ya mwaka 2005, iliyotengenezwa na Josiah Kibira, Mtanzania aishiye Minnesota, Marekani. Jina hilo Walutheri tunalijua, maana Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kuanzia 1977. Miaka miwili kabla ya Tusamehe, Kibira huyu wa filamu alikuwa ametoa Bongoland, kuhusu mhamiaji wa kutoka kwetu anayehangaika na maisha na vibali ughaibuni. Tusamehe inaingia ndani ya familia ya Kitanzania inayokutana na UKIMWI ikiwa mbali na nyumbani. Kwa miaka mingi katika wasifu wa marehemu tulisoma kwamba aliugua kwa muda mrefu, tukakunja karatasi. Filamu ile ililitamka jina la ugonjwa kwa Kiswahili, ikaweka neno la toba juu ya jalada lake. Hiyo ilikuwa kazi yetu.

Ya nne ni From a Whisper, ya mwaka 2008, ya dada yetu Wanuri Kahiu wa Kenya. Inahusu mlipuko wa ubalozi wa Marekani Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Siku hiyohiyo, asubuhi ileile, ubalozi wa hapa Dar es Salaam nao ulilipuliwa, na Watanzania wakafa. Katika filamu, binti aliyempoteza mama yake anakutana na askari Mwislamu ambaye rafiki yake wa karibu alikuwa miongoni mwa waliofanya unyama ule. Wote wawili wamefiwa. Wakenya waliitengenezea filamu siku ile. Sisi kila mwaka Agosti 7 inapita katika kalenda ya kanisa bila hata sala. Itazameni pamoja na jirani zenu Waislamu, maana wao pia walizika siku ile.

Ya tano ni ya kina mama na mabinti. Mwaka 2015 Chande Omar alitoa Aisha, filamu ya Pangani. Mwanamke anarudi kwao kwa ajili ya harusi, anabakwa, na kijiji kinachompenda ndicho kinachomtaka anyamaze ili kulinda majina ya watu. Mwaka 2021 Seko Shamte alitoa Binti, filamu ya Dar es Salaam inayofuata wanawake wanne: mwenye duka anabanwa na deni, mwingine anakaribia kufunga ndoa na mwanamume anayempiga, na wengine wana mizigo yao ya uzazi na malezi. Sisi tunaofundisha wachumba kabla ya ndoa, tunauliza cheti cha ubatizo, tunauliza mahari, tunauliza siku ya sendoff. Ni wangapi tunaowauliza bibi harusi, peke yake, kama huwa anapigwa? Filamu hizi si za watoto wadogo, na tuseme hivyo wazi. Lakini ni za darasa la wachumba, na ni za baraza la wazee kabla ya darasa la wachumba.

Ya sita ni ya kila mtu: Supa Modo, ya Likarion Wainaina wa Kenya, ya mwaka 2018. Mtoto wa kike, Jo, anaumwa ugonjwa usiopona, na mama yake anamrudisha nyumbani akae naye siku zilizobaki. Mtoto anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na ndoto yake ni kuwa mmoja wao. Basi kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu ambamo yeye ndiye shujaa. Hakuna anayejua kazi hiyo, vifaa ni vya kubahatisha, lakini kila mtu analeta alicho nacho. Hatujaona picha bora zaidi ya usharika kuliko ile. Ukitaka kumweleza kijana wa kipaimara ushirika wa watakatifu ni nini, mketishe aitazame, kisha fungua Katekisimo.

Na kwa kuwa tumeitaja Katekisimo, tusimame kidogo kwenye amri ya saba, inayokataza wizi. Katika maelezo yake Luther anatufundisha kwamba haitoshi kutochukua mali ya jirani. Tunapaswa kumsaidia aitunze na kuiongeza riziki yake. Hebu tujiulize filamu tunazotazama majumbani tumezipataje. Kariakoo utajaziwa flashi nzima ya filamu kwa bei ya soda, na mtengenezaji wake hatapata hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na amri ya Mungu ipo tangu Sinai, lakini wachungaji kwa washarika tunapokea flashi zile na kushukuru. Halafu tunalalamika kwamba filamu za Bongo hazina ubora! Mkulima uliyemwibia mbegu utamdaije mavuno? Wengi walioanza kazi hii kwa moyo waliiacha kwa sababu hiyo, na mkono wetu umo. Usharika ukitaka kuonyesha filamu, uombe ruhusa kwa wenye kazi na ulipe. Tunachangia viyoyozi vya kanisa. Tunaweza kuchangia hili.

Kuna ndugu watakaouliza: kwa nini kusisitiza filamu za Waafrika na watu weusi? Je, katika Kristo kuna Mswahili na Mzungu? Ni swali zuri. Jibu letu ni kwamba siku ya Pentekoste kila mmoja alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha ya kwao, na Roho hakuwaambia wote wajifunze lugha ya Yerusalemu kwanza. Mtoto anayekua akiona kwamba shujaa, mtakatifu, daktari na mpendwa daima wana sura isiyo ya kwake, na kwamba mwenye sura yake ni mwizi au wa kuhurumiwa, anafundishwa theolojia ya uongo juu ya uumbaji. Anafundishwa kwamba mfano wa Mungu uliishia mahali fulani kabla ya kumfikia yeye. Hakuna mahubiri ya dakika ishirini yatakayofuta masomo ya saa elfu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache yanayowezekana. Kila usharika utenge Jumapili moja kwa mwezi, mchana, filamu moja. Wazee waitazame kwanza, si kwa nia ya kutafuta sababu ya kuikataa, bali wajue itafaa rika gani. Kama lugha ni ngumu, kijana mmoja asimame na kipaza sauti aeleze kwa Kiswahili kadiri picha zinavyokwenda. Mtaani kwetu kazi hiyo ina wataalamu. Baada ya filamu pawe na saa nzima ya mazungumzo, na mchungaji asiwe wa kwanza kusema. Aanze mjane, aanze binti, aanze mgonjwa. Mwisho lifunguliwe Neno, kila mtu ajipime nalo.

Na sisi wachungaji tuwe tayari kuona sura zetu kwenye shuka lile. Ziko filamu za Kiafrika zinazotuonyesha tukiwa wapenda fedha, waoga, wenye kunyamaza mbele ya wakubwa wa ukoo. Tusikimbilie kusema tunatukanwa. Daudi hakusema ametukanwa. Alikiri kwamba amemtenda Bwana dhambi, na toba yake ikaanzia pale.

Mama yule wa Karume tulimtafuta mwaka uliopita, tukaenda na mzee mmoja wa kanisa kumwomba radhi. Alitupokea vizuri, akatukaribisha chai na maandazi anayouza. Tuliposema tulilolijia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama vijana wale waliotaka kuonyesha filamu bado wapo. Tukamwambia wengi wameoa na kuhama, lakini wapo wengine. Akasema, "Waambieni waionyeshe. Nitakuja."

Ombi hilo liko mezani kwa baraza la wazee. Safari hii tumelipeleka sisi wenyewe.